Bega la rivasi halirudishi kitu

Naomba tuelewane kwenye hili neno rivasi maana limeshanichosha. Mtu kaambiwa kano za bega zimechanika vibaya, hazishoneki, atawekewa bega bandia la aina ya rivasi. Akifika nyumbani ndugu washasambaza habari eti "wanamrudishia bega lake la zamani". Jamani, nani kasema?

Haraka haraka: kano hizo za bega zinaitwa rotata kafu, ni kano nne zinazotoka kwenye misuli ya fupa la bega na kukikumbatia kichwa cha mfupa wa mkono, kama kafu ya shati inavyokumbatia kifundo. Kazi yake ni kukibana kile kichwa kikae katikati ya kishimo chake ukiinua mkono. Mchaniko ukizidi sentimita 5, au zikichanika kano mbili na kuendelea, wanauita mkubwa. Ila mkubwa na usioshoneka ni vitu viwili, mingi tu bado inashonwa kwa kamera ndogo inayoingizwa begani na vinanga vidogo vinavyozamishwa mfupani. Inashindikana pale msuli umekaa muda mrefu bila kazi ukasinyaa, ukaingia mafuta, kano ikajivuta ndani hata ukiivuta haifiki mfupani. Hapo wengine wanahamishiwa kano ya msuli mwingine, mfano ule mpana wa mgongoni, hasa mgonjwa akiwa bado na umri mdogo, wengine wanasafishwa tu bega ili maumivu yapungue. Na wazee wengi ndo wanaangukia kwenye rivasi.

Sasa rivasi yenyewe. Bega ulilozaliwa nalo lina tufe juu ya mfupa wa mkono na kishimo kwenye fupa la bega. Kwenye rivasi vinabadilishana nafasi, tufe la chuma linafungwa kwa skrubu kwenye fupa la bega, kikombe cha plastiki kinakaa juu ya mkono. Kilichogeuzwa ni hicho, basi. Nadhani gari ndo limetuharibia, maana gari likipiga rivasi linarudi lilikotoka, na sisi tukadhani bega nalo linarudi lilikotoka.

Kwa nini wageuze? Kwa sababu ukiweka bega bandia la kawaida halafu kano hakuna, deltoidi ikivuta tufe linapanda juu badala ya mkono kuinuka. (Deltoidi ni ule msuli wa nje wa bega tunaochomwa chanjo, jina limetoka kwenye herufi delta ya Kigiriki, ile ya pembetatu.) Miaka ya 1970 walishajaribu kugeuza, vyuma vikawa vinalegea na kung'oka. Mwaka 1985 Paul Grammont, daktari wa Dijon, Ufaransa, akaja na muundo uliosogeza kitovu cha mzunguko (pale mkono unapozungukia) ndani zaidi na kuushusha mkono chini, deltoidi ikapata wenzo wa maana na kuinua mkono bila kutegemea zile kano. Marekani waliliruhusu 2003.

Kwa hiyo kano zilizochanika zinabaki zimechanika, kazi yao kapewa deltoidi, na mgonjwa asipokuwa na deltoidi nzima pamoja na neva yake hata rivasi haimsaidii. Mgonjwa wenu akitoka, semeni tu bega limegeuzwa. Na akianza kufikia kabati la juu halafu akawa bado anahangaika kupeleka mkono mgongoni, msimwambie operesheni imefeli.