Watu-Wadudu wa Mahandakini: Dhana Potofu na Ukweli

Katika hadithi nyingi za njozi na michezo ya kompyuta, watu-wadudu wanaoishi mahandakini huchorwa kwa sura moja: malkia katili na umati usio na utashi unaomtii hadi kufa. Viumbe hawa hubuniwa kwa kuwatazama mchwa na chungu, lakini aghalabu huchukuliwa umbo tu na kuachwa tabia, ambayo ndiyo yenye utajiri.

Dhana iliyokita mizizi zaidi ni kwamba malkia hutawala. Kwa kweli, ingawa harufu yake huathiri uzazi wa wenzake, malkia hampangii yeyote kazi. Malkia wa mchwa wa jenasi ya Macrotermes huvimba tumbo hadi kutembea kukamshinda, akabaki kutaga na kulishwa katika chumba anachoishi na mfalme wake, kiumbe ambaye wabunifu humsahau karibu kila mara.

Basi nani huamua? Mtafiti Deborah Gordon wa Chuo Kikuu cha Stanford, aliyewachunguza kwa miaka mingi chungu wavunaji wa majangwa ya Marekani, ameonyesha kwamba chungu aliye ndani ya kiota hukutana na wanaorudi na mbegu, wakagusana vipapasio, naye hutambua harufu zao. Makutano yakifuatana haraka, hutoka kwenda kutafuta chakula; yakiwa machache, hubaki ndani. Hakuna akili kuu inayowaongoza wote, na kwa maoni yangu mpangilio huu unasisimua kuliko malkia yeyote wa kubuni.

Husemwa pia kwamba katika jamii hizo uhai wa mmoja hauna thamani. Chungu wa Megaponera analis, ambao huwinda mchwa kwa misafara, wanatoa jibu. Utafiti wa Erik Frank na wenzake nchini Kodivaa, uliochapishwa mwaka 2017 na 2018, ulionyesha kuwa aliyejeruhiwa hutoa harufu ya kuomba msaada, na wenzake humbeba hadi nyumbani, ambako humlamba kidonda. Walipozuiwa kutibiwa, takriban asilimia 80 ya majeruhi walikufa ndani ya saa 24. Waliotibiwa, asilimia 10 tu. Aliyepoteza miguu mingi hujirusharusha akikataa kubebwa, hivyo huachwa. Mwandishi aliye makini angepata hapo sura nzima ya riwaya.

Kuhusu jinsia, chungu wafanyakazi wote ni wa kike, ilhali miongoni mwa mchwa wafanyakazi huwapo wa jinsia zote mbili.

Umbo la ukubwa wa binadamu ndilo lenye mashaka zaidi. Wadudu hawana mapafu. Hewa huwaingia kwa vitundu vya ubavuni na kusambazwa na mirija myembamba, njia isiyotosha mwili mkubwa. Hata Meganeura, mdudu wa kale anayefanana na kereng'ende, aliyeruka yapata miaka milioni 300 iliyopita, wakati hewa inaaminika kuwa na oksijeni nyingi kuliko sasa, alikuwa na mabawa yenye upana wa sentimita 65 hivi. Isitoshe, mdudu hukua kwa kujivua gamba, na kwa muda fulani hubaki laini, asiyeweza kujitetea. Jamii ya watu-wadudu iliyofikiriwa vizuri ingechimba vyumba vya wanaojivua, na kuweka walinzi wenye magamba yaliyokwisha kukomaa kwenye milango yake.