Kiti cha Rais Kikibaki Wazi

Katika mafunzo ya elimu ya uraia, nikiuliza mwanamke wa kwanza kuwa rais barani Afrika ni nani, jibu huja upesi: Ellen Johnson Sirleaf wa Liberia. Ni kweli, ila ongeza "kwa kuchaguliwa". Sirleaf alishinda uchaguzi wa 2005, akaapishwa Januari 2006. Wengine wamefika kileleni kwa mlango tofauti: kiti kilibaki wazi, na sheria ikasema zamu ni yao. Hata mwanamke wa kwanza duniani kuitwa rais aliingilia hapo. Isabel Perón wa Argentina alikuwa makamu wa mumewe, akashika madaraka tarehe 1 Julai 1974, siku mumewe aliyofariki.

Kwa Tanzania, mlango huo ni ibara ya 37(5) ya Katiba. Rais akifariki, makamu anaapishwa na kuwa Rais kwa muda uliobaki. Si kaimu, ni Rais kamili. Usiku wa 17 Machi 2021 Samia Suluhu Hassan ndiye aliyelitangazia taifa kifo cha Rais John Magufuli, na tarehe 19 akala kiapo Ikulu, Dar es Salaam. Swali ninaloulizwa zaidi ni la vipindi. Ibara ya 40(4) inajibu: makamu akirithi kiti huku imebaki miaka mitatu au zaidi, anaruhusiwa kugombea urais mara moja tu, ikibaki pungufu ya hapo, mara mbili. Mwaka 2021 ilikuwa imebaki zaidi ya minne. Hiyo mara moja aliitumia Oktoba 2025, katika uchaguzi ulioandamana na machafuko na vifo. Kenya mpaka wao ni miaka miwili na nusu.

Ndiyo maana huwa nashangaa mtu akisema mgombea mwenza ni pambo la kampeni, hasa akiwa mwanamke. Nililisikia sana hilo mwaka 2022 Martha Karua alipokuwa mgombea mwenza wa Raila Odinga.

Ibara, hata hivyo, haijitekelezi. Tazama Malawi. Joyce Banda alichaguliwa makamu wa rais mwaka 2009 kwa kura ileile iliyomrudisha Bingu wa Mutharika. Wakakosana. Desemba 2010 alifukuzwa chama, akaanzisha chake, lakini umakamu ukabaki mkononi mwake kwa sababu aliupata kwa kura na si kwa hisani ya chama. Mutharika alipofariki tarehe 5 Aprili 2012, serikali haikutangaza. Mwili ulisafirishwa hadi Afrika Kusini kana kwamba mgonjwa anapelekwa kutibiwa. Usiku wa tarehe 6, mawaziri sita waliwaita waandishi wa habari na kudai Banda hawezi kurithi kwa kuwa ana chama chake. Aliyewaongoza kuzungumza alikuwa mwanamke, Waziri wa Habari Patricia Kaliati. Katiba yao haikuwa na sharti hilo. Banda alimpigia simu mkuu wa majeshi, Jenerali Henry Odillo, akamuuliza kama atamuunga mkono. Jenerali alikubali na askari wakapelekwa kulinda nyumba yake. Tarehe 7 aliapishwa Lilongwe. Miaka miwili baadaye wapiga kura walimweka nafasi ya tatu, akaondoka.

Kama Odillo angejibu vingine? Majirani zetu wa magharibi walishaonja jibu hilo.

Burundi, Oktoba 1993, waziri mkuu alikuwa Sylvie Kinigi, mchumi aliyeteuliwa Julai mwaka huohuo. Tarehe 21 wanajeshi walimuua Rais Melchior Ndadaye, na pamoja naye Spika wa Bunge na naibu wake, yaani watu walewale ambao katiba iliwapanga kurithi. Kinigi na mawaziri walionusurika walikimbilia Ubalozi wa Ufaransa mjini Bujumbura. Akawa kiongozi wa juu kuliko wote waliobaki hai, na alishikilia serikali kwa taabu hadi rais mpya, Cyprien Ntaryamira, alipoapishwa Februari 1994.

Miezi miwili tu baadaye Ntaryamira naye alikufa, katika ndege moja na Rais Juvénal Habyarimana wa Rwanda, iliyotunguliwa Kigali usiku wa 6 Aprili. Waziri Mkuu wa Rwanda alikuwa Agathe Uwilingiyimana, aliyewahi kuwa mwalimu wa kemia. Alitaka kulipokucha azungumze na wananchi redioni, ijulikane kwamba serikali bado ipo. Wanajeshi 10 wa Ubelgiji waliokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa walitumwa nyumbani kwake wamsindikize hadi Redio Rwanda. Nyumba ilizingirwa. Asubuhi ya tarehe 7 aliuawa, na Wabelgiji wote 10 wakauawa pia. Hotuba ile haikusomwa.