Povu la kwanza la maziwa ya soya si mchemko
Wengi wanaotengeneza maziwa ya soya nyumbani huamini kwamba yakishapanda tu, kama ya ng'ombe, yameiva. Sivyo. Soya ina saponini, yaani viambato vya asili vinavyotoa povu jingi kama sabuni, kabla maziwa hayajachemka, hata sufuria ikafurika. Epua kidogo, koroga, punguza moto, kisha yaache yatokote dakika 20 huku ukikwangua chini yasishike. Muda huo ndio unaodhoofisha vizuizi vya mmeng'enyo wa protini, ambavyo husumbua tumbo. Harufu ya maharage mabichi nayo hupungua. Mbeya mjini, karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo tafadhali usipunguze dakika hizo. Maziwa ya kutia kwenye keki yapoe kwanza, yasije yakaivisha mayai bakulini.