Mafungamano Imara na Mafungamano Hafifu ya Familia

Mafungamano imara na mafungamano hafifu ya familia ni istilahi mbili zinazotumiwa na wataalamu wa elimu ya idadi ya watu kueleza jinsi jamii zinavyotofautiana katika suala moja: mtu akishakuwa mtu mzima, je, anahesabiwa kwanza kuwa mtoto wa nyumba fulani, au anahesabiwa kuwa mtu anayejitegemea ambaye pia ana wazazi? Aliyezipa umaarufu ni mwanahistoria David Reher, katika makala yake ya mwaka 1998 iliyolinganisha kaskazini mwa Ulaya, ambako mafungamano ni hafifu na mtu mzima huhesabiwa kuwa anayejitegemea, na nchi za Mediterania, ambako ni imara.

Kipimo kinachotajwa mara nyingi ni umri wa kuondoka kwa wazazi. Takwimu za Umoja wa Ulaya za mwaka 2022 zinaonyesha kwamba vijana wa Ufini walianza kujitegemea kimakazi wakiwa na wastani wa miaka 21.3, ilhali wa Italia walikaa kwao hadi miaka 30 na wa Kroatia hadi 33.4. Ajira za mikataba mifupi na kodi kubwa za nyumba zina sehemu yake, lakini tofauti yenyewe ni ya kale kuliko uchumi wa leo. Kwa karne nyingi, Uingereza na nchi za kaskazini zilikuwa na desturi ya kijana kwenda kuishi na kutumika katika nyumba ya watu wasio ndugu zake, hadi alipoweza kuoa na kuanzisha kaya yake, na Sheria ya Maskini ya Uingereza ya mwaka 1601 iliipa parokia jukumu la kuwasaidia wasiojiweza, wakiwamo wazee. Kusini, mara nyingi kijana aliondoka kwao kwa sababu ya ndoa, na mara nyingi hakwenda mbali.

Neno hafifu huwafanya wengi wadhani kwamba watu wa kaskazini hawawajali wazazi wao, na dhana hiyo inawaonea. Tafiti zilizohusisha nchi kadhaa za Ulaya zimebaini kwamba watoto wanaowasaidia wazazi wao kwa kazi ndogondogo, kama kufanya matengenezo ya nyumba au kujaza fomu, ni wengi zaidi kwa uwiano Denmark na Uswidi kuliko Italia na Hispania. Kinachotofautiana ni mzigo mzito: kumwogesha mzazi, kumvisha na kumlisha kila siku. Kaskazini, sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na wahudumu wanaolipwa na serikali za mitaa, na mtoto hubaki na nafasi ya kumtembelea mzazi wake kwa mazungumzo. Kusini kazi hiyo hubaki ndani ya familia, na kwa kawaida humwangukia binti au mke wa mwana, ambaye huenda akalazimika kuacha ajira yake. Anayeusifu mfumo imara hana budi kumhesabu na mwanamke huyo.

Je, jamii zote zitafuata njia ya kaskazini kadiri zinavyoendelea kiuchumi? Mwanasaikolojia wa Uturuki Çiğdem Kağıtçıbaşı alilipinga wazo hilo, na hoja yake naiona kuwa yenye nguvu. Katika tafiti zilizoanza miaka ya 1970, wazazi wengi wa Kituruki walisema kwamba wanategemea watoto wawatunze uzeeni. Uchunguzi uliporudiwa mwaka 2003, tegemeo hilo la mali lilikuwa limepungua sana, hasa katika familia za mijini zenye elimu, lakini thamani ya mtoto kama mwenzi wa moyo haikupungua. Kağıtçıbaşı aliuita uhusiano wa aina hii utegemeano wa kihisia, yaani hali ambamo mtu hujiamulia mambo yake bila kujitenga na waliomzaa.

Hali hiyo huhitaji mzee awe na kipato chake. Katika Afrika Mashariki, ambako wazee wengi walilima au walijiajiri bila kuwekewa akiba ya uzeeni, fedha anayotuma mtoto ndiyo pensheni yenyewe. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi mwenye umri wa miaka 70 na zaidi, kwa kiwango cha awali cha shilingi 20,000 kwa mwezi: kiasi ambacho hakikumwondolea mtoto wajibu wake, lakini kilimwezesha mzee kununua sukari na sabuni bila kumsubiri.