Cub ya Volti 6: Iamshe Bila Kuifuta Sura

Ukikuta pikipiki ya zamani ya Honda C50 au C70, ile iitwayo Cub, imeegemea ukuta nyuma ya duka la vyuma Kisenyi, Kampala, rangi ya samawati imepauka na kinga ya miguu imegeuka manjano, jambo la kwanza ni kutofanya haraka. Usiipake rangi. Usikate waya. Usiirukie kiki. Nyingi zimestahimili miongo ya kulala kisha zikaharibiwa wiki ya kwanza baada ya kununuliwa.

Umbo lake ni la mwaka 1958, ilipotoka Super Cub C100 ya sisi 49 (cc, ujazo wa injini) na nguvu za farasi 4.5. Soichiro Honda alitaka pikipiki ambayo mpeleka tambi wa Tokyo angeiendesha kwa mkono mmoja, wa pili umeshika sinia, na ndiyo sababu mkono wa kushoto hauna klachi. Madigadi ya mbele na kinga ya miguu vilitengenezwa kwa plastiki, jambo geni kwa pikipiki za wakati huo. Mwaka 1963 tangazo lake la Marekani lilidai kwamba juu ya Honda unakutana na watu wema kuliko wote. Mwaka uliofuata, makundi mawili ya vijana wa Uingereza yalipigana kwenye fukwe za Clacton na Brighton, Mods wakiwa na skuta zao za Vespa na Lambretta, Rockers na pikipiki za Triumph, BSA na Norton. Nazipenda pikipiki zote hizo, lakini Cub ndiyo inayonigusa zaidi, kwa kuwa haikumtaka mtu avae jaketi jeusi la ngozi ndipo aipande. Mguu unapita katikati, hivyo hata aliyevaa gomesi, vazi refu la wanawake wa Uganda, au kanzu anakaa kwa heshima yake. Sisi ambao neno boda tulilipata Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwenye baiskeli za kubeba abiria, tunaielewa mara moja mashine ya namna hiyo.

Sasa kazi. Ninayoyaeleza ni ya C50 za kuanzia 1966 na C70, zenye kamshafti (mhimili unaofungua valvu) kichwani mwa injini, za volti 6 na moto wa sumaku, yaani cheche ya plagi hutokana na sumaku inayozungushwa na injini. Zitambue kwa kifuniko cha mviringo upande wa kushoto wa kichwa cha silinda. C90 ya zamani ina mpangilio mwingine wa moto, kwa hiyo usiihamishie vipimo hivi.

Anza na injini iliyoganda au kulala muda mrefu. Silinda ya Cub imelazwa karibu usawa wa ardhi, na hapo ndipo wengi hukosea: wanamimina oili kwenye tundu la plagi, yote inakusanyika upande wa chini wa silinda, na upande wa juu wa ringi za pistoni unabaki mkavu. Mwaga kwanza petroli na oili iliyomo, kisha inua gurudumu la mbele juu kadiri uwezavyo, uliegemeze ukutani na kufunga fremu kwa kamba. Ndipo utie mililita 20 hivi za oili nyepesi. Sasa itatiririka hadi kwenye pistoni na kuizunguka. Iache usiku na mchana. Ukiirudisha chini, sukuma kiki kwa mkono, taratibu, plagi ikiwa nje. Ikigoma, ongeza oili na usubiri siku nyingine. Ringi iliyoshikwa na kutu huvunjika ikilazimishwa, na kipande chake huchimba mfereji kwenye silinda.

Tangi liko chini ya kiti na linachukua kama lita 3. Kando ya Ziwa Viktoria hewa ina unyevu mwingi, hivyo tangi lisilo na petroli hushika kutu kuanzia juu, mahali ambapo jicho halifiki. Ziba matundu ya kutolea petroli, tia nati ndogo ishirini hivi, jaza siki nyeupe na uliache saa 24 huku ukilitikisa kila unapopita. Zimwage zote, hesabu nati zitoke zote, suuza kwa maji yenye magadi soda ili kuua asidi, kisha lianike juani. Siku hiyohiyo lioshe kwa petroli iliyochanganywa na oili kidogo, la sivyo kutu mpya ya rangi ya chungwa itaota kabla ya jioni. Safisha na kikombe cha koki pamoja na kichujio chake.

Kwenye platini, vipande vya chuma vinavyokutana na kuachana ili plagi itoe moto, sipendi haraka hata kidogo. Fungua kava la kushoto. Skrubu za Kijapani za msalaba si sawa na zile za kawaida, na bisibisi ya kawaida hupanda juu na kula kichwa chake. Tafuta ya Kijapani au tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Ndani utaona gurudumu la sumaku lenye madirisha. Lizungushe kinyume cha saa na uangalie kwa tochi ndani ya dirisha: utaona vipande viwili vya platini, kila kimoja na uso mdogo kama punje ya mtama, vikikutana na kuachana. Nyuso zikiwa na rangi ya kijivu, sawa. Zikiwa za bluu au zenye kilima upande mmoja na shimo upande wa pili, kondensa, kifaa kidogo cha umeme kinachozuia cheche zisiunguze platini, imechoka.

Sugua nyuso hizo kwa msasa laini sana, kisha pitisha karatasi safi iliyoloweshwa petroli ili kuondoa vumbi. Ziweke zikiwa zimeachana kabisa, pima kwa fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya): milimita 0.3 hadi 0.4. Mimi huanzia 0.35. Halafu rudi kwenye alama. Kwenye sumaku kuna T, pistoni ikiwa mwisho wa juu, na kabla yake kuna F, mahali pa kutoa moto. Bana karatasi nyembamba ya kuviringia sigara kati ya nyuso, ivute polepole huku ukizungusha sumaku. Inapaswa kuachiliwa wakati mstari wa F unapolingana na alama ya kwenye mwili wa injini. Ikiachiliwa mapema, punguza nafasi kidogo, ikichelewa, iongeze. Kila unavyopanua platini, moto unawahi. Ikiwa huwezi kupata F bila kutoka nje ya 0.3 hadi 0.4, mguu wa platini umelika. Usibembeleze, badilisha. Tone moja la oili kwenye kitambaa kinacholainisha kamu, kinundu kinachosukuma platini, linatosha. Matone mawili yataruka hadi kwenye platini na kuzima moto.

Ugonjwa unaowachosha watu ni ule wa injini kuwaka vizuri asubuhi, kisha kufa baada ya dakika kumi na kukataa hadi ipoe. Fundi atafungua kabureta mara tatu. Mara nyingi ni kondensa inayopoteza uwezo wake kwa joto, maana inakaa nyuma ya sumaku penye joto lote la injini. Ikikosekana ya asili, kondensa ya gari la zamani la platini, yenye uwezo wa karibu maikrofaradi 0.25, hufanya kazi hiyo. Mafundi wa Katwe, Kampala, wanajua kuiunga nje, karibu na koili, palipo na baridi. Hili ndilo badiliko pekee la umeme ninalolikubali bila kusita, kwa kuwa halionekani na linaweza kuondolewa.

Plagi ni ya uzi wa milimita 10: NGK C6HSA kwa mizunguko ya mjini, C7HSA kwa safari ndefu, kama utakwenda Jinja na kurudi. Mwanya wa plagi ni milimita 0.6 hadi 0.7. Mwanya wa tapeti za valvu zote mbili ni milimita 0.05 injini ikiwa baridi kabisa, sumaku ikiwa kwenye T na valvu zote zimefungwa. Injini ikiwa vuguvugu tu, kipimo hicho ni uongo.

Oili ni lita 0.8 ikiwa injini ilifunguliwa, na inalainisha gia na klachi pia. Kwa sababu hiyo usitie oili ya gari yenye viungio vya kupunguza msuguano, maana klachi itateleza. Angalia maandishi JASO MA kwenye kopo, kiwango cha oili ya pikipiki ambazo klachi yake huloana na oili ya injini. Klachi yenyewe hurekebishwa upande wa kulia: legeza nati, zungusha skrubu kwa mwelekeo wa saa mzunguko mmoja, irudishe kinyume hadi uhisi inagusa kitu, kisha mwelekeo wa saa tena sehemu ya nane ya mzunguko. Kaza nati huku umeishikilia skrubu.

Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, hivyo kabureta iliyopimwa pwani hutoa petroli kupita kiasi na plagi huwa nyeusi. Kabla ya kununua jeti ndogo, kitundu kinachopima petroli, toa kichujio cha hewa uone kama kimeziba.

Taa za volti 6 hulaumiwa bure. Taa ya mbele na ya nyuma hula umeme moja kwa moja kutoka kwenye sumaku, bila kidhibiti. Balbu moja ikifa, umeme wake wote huenda kwa mwenzake, nayo huungua baada ya sekunde chache. Weka vati zilezile zilizoandikwa, safisha kila sehemu inayogusa fremu hadi chuma king'ae, na taa zitadumu. Betri ni ya honi, indiketa na vitu vidogo vya namna hiyo. Injini huwaka bila hiyo. Kukata waya zote ili kuweka volti 12, au kufunga injini ya Kichina ya sisi 110 kwa kuwa inaingia kwenye fremu, ni rahisi sana, lakini sikushauri. Ukilazimika kuweka injini hiyo, basi ya asili ipake oili, ifunge, uitunze pamoja na namba zake.

Rangi naiacha. Mafuta ya taa na brashi laini kwa grisi, sabuni na maji kwa fremu, karatasi ya alumini ya jikoni iliyoloweshwa maji kwa kromu yenye kutu. Kinga ya miguu isugue kwa msasa wa maji namba 800, 1,200, kisha 2,000, halafu polishi. Manjano ya juu hutoka, mikwaruzo ya viatu hubaki kidogo, na ibaki.

Baada ya kilomita 100 mwaga oili ikiwa moto, fungua kava la kulia na utoe chujio la waya lililo chini. Kisha fungua kikombe kinachozunguka pamoja na klachi. Ukikuta tope la kijivu, ni uchafu wa miaka mingi. Ukikuta vumbi linalong'aa kwa dhahabu, ni bushi inalika, na hapo injini ifunguliwe kabla haijapanda kilima kingine.