Ruzuku ya shule haipimwi kwa asilimia ya ufaulu

Kila matokeo ya darasa la saba yakitoka, hoja ni ileile: shule fulani inapokea ruzuku tangu 2016, ufaulu haupandi, basi hela zinaliwa. Safari hii imetoka kwenye kikao cha madiwani, na mjumbe mmoja akapendekeza fedha za ukarabati zipelekwe kwa shule "zinazofanya vizuri" tu. Akapigiwa makofi. Mimi kazi yangu ni takwimu za elimu ya msingi, na hili nimechoka kulisikia.

Tuanze na hela zenyewe. Elimu bila ada ilipoanza Tanzania Januari 2016, ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zilibaki juu, serikalini, kwa ajili ya vitabu, zikafika shuleni 6,000. Shule yenye wanafunzi 480 ikapata 240,000 kwa mwezi. Humo toa chaki, kudurufu mitihani ya ndani, kitasa kilichong'oka, nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri. Halafu kumbuka kwamba waraka ulioleta ruzuku hiyo ndio uliopiga marufuku michango ya lazima. Kwa shule nyingi ruzuku iliziba pengo la michango, haikuwa nyongeza juu yake.

Fedha kubwa ya umma iliyomo shuleni ni mishahara, nayo haipiti kwenye akaunti ya shule. Shule ya mjini yenye walimu 20 na ya kijijini yenye walimu sita, kama zina watoto sawa, zinapata ruzuku sawa. Lakini kwa mishahara, mtoto wa mjini anagharimiwa takriban mara tatu ya mwenzake. Kisha mtu anasimama kusema zote zimepewa hela sawa.

Sasa ufaulu. Asilimia ya nani? Hapa ndipo ninapokosa uvumilivu, kwa sababu swali hili haliulizwi kabisa. Ufaulu unaotangazwa ni wa watahiniwa, yaani waliokalia kiti siku ya mtihani. Chukua mfano wa shule mbili. Ya kwanza ilikuwa na watoto 88 darasa la tano. Wakafika mtihani 51, wakafaulu 46. Ufaulu asilimia 90, mwalimu mkuu anapewa cheti. Ya pili ilikuwa na 90; wakafanya mtihani 84, wakafaulu 60. Ufaulu asilimia 71, mwalimu mkuu anaitwa kujieleza. Rudi kwenye rejista ya darasa la tano upige hesabu upya: ya kwanza imefaulisha asilimia 52 ya watoto wake, ya pili asilimia 67. Shule iliyowabeba watoto wake hadi mwisho ndiyo inayoadhibiwa, na kwa pendekezo la yule diwani ndiyo itakayokosa bati.

Tumeshayaona haya nchi nzima. Chini ya Matokeo Makubwa Sasa, mpango wa serikali, kuanzia 2013, shule zilipangwa hadharani kwa ufaulu. Watafiti waliofuatilia mpango huo walikuta shule za mkiani ndani ya wilaya zao zilipandisha ufaulu, na walikuta pia kwamba zilipunguza watoto waliofika mtihani. Anayetaka kuamini nusu ya kwanza ya matokeo hayo lazima aisome na ya pili. Nilifurahi sana Januari 2023 Baraza la Mitihani lilipoacha kutangaza shule kumi bora, lakini tabia ya kupanga imebaki halmashauri, kwenye vikao vya tathmini.

Kulinganisha mwaka na mwaka nako kuna mashaka yake. Ufaulu wa darasa la saba ulikuwa asilimia 30.7 mwaka 2012 na 50.6 mwaka 2013. Hakuna ruzuku duniani inayofanya hivyo kwa miezi 12. Mwaka 2012 ndio fomu za kusahihishwa kwa mashine zilianza kutumika. Kidato cha nne wa mwaka huohuo matokeo yao yalifutwa, yakachakatwa upya. Kipimo kinatikisika, halafu tunataka kukitumia kumhukumu mwalimu mkuu kwa tofauti ya asilimia tatu katika shule yenye watahiniwa 35, ambako mtoto mmoja tu ni karibu asilimia tatu.

Wapo watakaoniletea KiuFunza, jaribio la shirika la Twaweza la 2013 na 2014 katika shule 350. Ndiyo, nalifahamu. Shule zilizopelekewa 10,000 kamili kwa kila mtoto, bila kitu kingine, hazikupandisha alama. Wengi huishia hapo: "hela hazisaidii." Lakini kulikuwa na kundi jingine lililopewa ruzuku hiyohiyo pamoja na bonasi kwa walimu kwa kila mtoto aliyefaulu, na hilo lilipanda wazi, zaidi ya kujumlisha athari ya ruzuku peke yake na ya bonasi peke yake. Hela ilikuwa na kazi pale mwalimu alipokuwa na sababu ya kuitumia kufundishia.

Je, tupime kwa nini basi? Ninachopendelea ni kumfuata mtoto yuleyule kutoka upimaji wa darasa la nne hadi la saba, tuone amesogea kiasi gani. Sikiamini kikamilifu. Watoto wanahama, wengine wanakaririshwa darasa, na kuna maeneo ambako mzazi humwambia binti yake ajaze majibu ya uongo ili asichaguliwe kwenda sekondari. Hilo sijapata hesabu ya kulisahihisha.

Diwani anayetaka kuhoji fedha ana maswali yanayojibika. Ruzuku iliingia tarehe ngapi, na ilikuwa kamili? Imebandikwa kwenye ubao wa matangazo? Muhtasari wa kamati ya shule unaonesha ilinunua nini, na je, hicho kitu kipo ukienda kukiangalia? Akimaliza, aombe rejista ya darasa la tano ya miaka miwili iliyopita, ahesabu majina.