Daftari la safari ndefu: tunayoyaamini na yalivyo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa wa Tanzania likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ya Kenya, ya mwaka 2007, inampa siku 21 za kazi. Siku hizo zinatosha kupanda treni ya TAZARA Dar es Salaam, kumaliza kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, Zambia, kuteremka kusini kuona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria) na kurudi nyumbani bila kukimbizana na saa. Zinatosha pia kusahau karibu yote uliyoyaona. Wengi wanalijua hilo, ndiyo maana wananunua daftari zuri kabla ya kuondoka. Wanajaza kurasa mbili za mwanzo, tatu wakijitahidi, halafu daftari linarudi jeupe. Wakiulizwa husingizia uvivu. Mimi naona kinachowaangusha ni mambo wanayoyaamini kuhusu daftari lenyewe.

"Kuandika safari ni mambo ya Wazungu, sisi husimulia tukifika."

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayoniudhi kuliko zote. Mwaka 1896 Mngazija mmoja, Salim bin Abakari, alifuatana na Mjerumani aitwaye Bumiller hadi Urusi na Siberia, akaiandika safari hiyo kwa Kiswahili. Carl Velten, aliyekuwa akifundisha Kiswahili Berlin, aliichapisha mwaka 1901 katika Safari za Wasuaheli, pamoja na habari za wenzake waliokwenda bara na Nyasa. Kwa maneno mengine, Siberia ilikwisha kuelezwa kwa Kiswahili kabla babu zetu wengi hawajazaliwa, na bado tunaambiana kwamba hatuna mila hiyo.

Wala hakuwa peke yake. Jacob Wainwright, aliyeokolewa utumwani akasomeshwa Nasik, India, alikuwa miongoni mwa waliobeba maiti ya Livingstone mwaka 1873 na 1874, kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi Bagamoyo. Njiani aliandika shajara yake mwenyewe. Mwaka 1902 Ham Mukasa alikwenda Uingereza na Katikiro (waziri mkuu) wa Buganda, Apolo Kagwa, kuhudhuria kutawazwa kwa mfalme Edward VII. Mfalme akaugua, akapasuliwa tumbo, na sherehe ikasogezwa kutoka Juni hadi Agosti. Wageni wakajikuta na wiki za ziada ambazo hawakuzipanga, likizo ya bahati tunaweza kuiita, na Mukasa akaendelea kuandika kwa Kiganda. Tafsiri yake ilichapishwa London mwaka 1904.

Hawa hawakuwa watalii. Mmoja alikuwa mtumishi, mwingine katibu, mwingine yumo katika msafara wenye maiti begani. Ikiwa wao walipata nafasi ya kuandika, mtu aliyekaa dirishani ndani ya basi la kwenda Lusaka hana la kusema.

"Nitakumbuka tu."

Hutakumbuka. Tippu Tip, mfanyabiashara maarufu wa pembe na watumwa, alisimulia maisha yake Unguja akiwa mzee, mwanzoni mwa karne ya 20, na Kiswahili chake kinasomeka kwa raha hadi leo. Lakini tarehe ni chache mno, na wanahistoria wametokwa jasho wakijaribu kupanga safari ipi ilitangulia ipi. Ibn Battuta naye aliondoka Tangier mwaka 1325, akapita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mnamo 1331, akaja kumsimulia mwandishi wake, Ibn Juzayy, habari zote hizo baada ya kurejea Moroko. Kazi ilimalizika 1355. Mwenyewe anasema alikuwa amenakili maandishi ya makaburi ya wanazuoni wa Bukhara, yakapotea aliponyang'anywa mali zake zote baharini upande wa India. Mengine ilibidi ayatoe kichwani, na hadi leo wataalamu wanabishana kuhusu baadhi ya njia na tarehe zake.

Sasa tazama kilichobaki kuhusu Mombasa, mahali alipolala usiku mmoja tu. Chakula cha watu ni ndizi na samaki. Misikiti ni ya mbao, imejengwa kwa ustadi. Mlangoni pana kisima, na anayetaka kuingia huosha miguu kwanza. Hakuna anayemsoma Ibn Battuta leo akatamani angeeleza zaidi jinsi moyo wake ulivyofurahi alipoiona bahari. Tunataka ndizi na samaki, na tunasikitika kwamba hakulala usiku wa pili.

"Leo hakukutokea kitu cha kuandika."

Hapa ndipo madaftari mengi yanapofia. Msafiri anangoja tembo avuke njia, au maporomoko, au ajali. Siku ya kukaa stesheni kutwa nzima anaiacha tupu. Mwaka 2014 watafiti wa Harvard walichapisha majaribio ambapo wanafunzi waliweka kumbukumbu za mambo ya kawaida kabisa mwanzoni mwa kiangazi: mazungumzo ya karibuni, nyimbo walizokuwa wakizisikiliza, mkusanyiko wa mwisho waliohudhuria. Wakakadiria watavutiwa kiasi gani wakija kuyaona tena. Miezi mitatu baadaye waliyafungua, na yaliwavutia kuliko walivyokadiria. Tunapima vibaya thamani ya siku zetu za kawaida, kwa sababu siku ya kawaida inapopita tunadhani itajirudia.

Kwa hiyo siku ya stesheni ndiyo ya kuandika. Muuza mayai alisema bei gani, na ulimshusha hadi ngapi? Mama mliyekaa naye behewa moja alikuwa amebeba nini kwenye ndoo, na alikuitaje: kaka, mwanangu, mgeni? Redio ya jirani ilikuwa ikipiga wimbo gani? Maporomoko yatakuwapo kwenye picha za watu wote waliofika huko. Yule mama hayupo kwenye picha ya mtu yeyote.

"Picha zinatosha, simu inakumbuka kila kitu."

Simu inakumbuka sura. Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, aliwatembeza watu katika jumba la makumbusho, vitu vingine wakivitazama tu na vingine wakivipiga picha. Kesho yake walivikumbuka vibaya zaidi vile walivyovipiga picha nzima. Walipovuta kamera karibu na sehemu moja ya kitu, tofauti hiyo haikuonekana. Alichapisha matokeo hayo mwaka 2014, na mimi siyachukui kama amri ya kuacha kamera. Yananiambia tu kwamba kubonyeza si kutazama, na mwenye kuandika analazimika kutazama.

Kuna jambo la pili, la kiufundi, ambalo wengi hawalijui. Picha ikitoka kwenye kamera ya simu hubeba ndani yake saa iliyopigwa na, ukiruhusu, mahali. Ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida, taarifa hizo huondolewa na picha yenyewe hubanwa. Simu ikipotea, ukaokota picha zako kwenye kundi la familia, unapata tarehe zilipotumwa, ambazo huenda ni za siku mbili baadaye ulipopata mtandao. Mia mbili za namna hiyo ukizipanga, hujui stesheni ya Mpika ni ipi na ya Kasama ni ipi.

Na risiti? Wapo wanaobandika risiti za EFD (mashine za kodi za madukani) na tiketi za basi kwenye daftari wakiamini wamehifadhi ushahidi. Karatasi ile haina wino, inaandikwa kwa joto, na joto hilohilo pamoja na mwanga huifuta. Ukiiweka ndani ya mfuko wa plastiki au ukiipaka gundi unaweza kuharakisha mambo. Bandika ukipenda, lakini kando yake andika kwa mkono kiasi, mahali na ulichonunua.

"Ni lazima niandike kila usiku, kwa sentensi nzuri."

Anayefikiri hivi ataacha wiki ya kwanza, kwa sababu usiku wa safari ni wa kutafuta maji na kulala. Darwin, mwanasayansi wa viumbe wa Uingereza, alisafiri na meli ya Beagle kuanzia 1831 hadi 1836. Nchi kavu alikuwa na vijitabu vya mfukoni, 15 kwa jumla, anamochora maneno mafupi kwa penseli, mara nyingi bila sentensi kamili. Akirudi melini, akiwa na meza na utulivu, ndipo anapoyakunjua kuwa maelezo. Kazi mbili tofauti, nyakati mbili tofauti. Msafiri wa likizo anaweza kufanya vivyo hivyo: neno moja moja mchana, na ukurasa wa kweli siku ya mapumziko au siku ya mvua. Ukiruka siku nne, usizilipe kama deni la duka. Andika mistari miwili ya yaliyobaki kichwani, endelea na leo.

Darwin huyohuyo anatufundisha kwa kosa lake. Galápagos, mwaka 1835, alikusanya ndege wadogo wa jamii ya chiriku bila kuandika sawasawa yupi ametoka kisiwa kipi. Baadaye London, ilipobainika kwamba kisiwa ndicho swali lenyewe, ilibidi ategemee ndege wa nahodha FitzRoy na wa mtumishi wake mwenyewe, Syms Covington, waliokuwa wameandikiwa mahali. Sentensi nzuri alikuwa nazo. Lebo ndiyo iliyokosekana.

Kwa hiyo lebo kwanza: tarehe, mahali, saa. Na saa zinahitaji uangalifu, hasa kwetu. Ukiandika "saa 2" ni ile ya Kiswahili au ile iliyochapwa kwenye tiketi? Ukivuka mpaka wa Tunduma kuingia Nakonde, Zambia, saa inarudi nyuma kwa saa moja, na asiyeandika anafuata saa ya nchi gani ataonekana amefika kabla ya kuondoka. Bei nazo ziandike pamoja na kiwango cha kubadilishia fedha siku hiyo. Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha yake mwaka 2013, hivyo aliyeandika 2012 kwamba alikula kwa kwacha 20,000, leo mwanawe akisoma atadhani baba alinunua ng'ombe mzima.

"Ninunue kwanza kalamu na daftari la maana."

Daftari la shule la kurasa 96 linatosha, na penseli inashinda kalamu nyingi. Wino wa kalamu nyingi za jeli huchuruzika ukilowa, lakini risasi ya penseli haisumbuliwi na maji wala jua. Livingstone alipoishiwa karatasi na wino huko Nyangwe, katika Kongo ya leo, mwaka 1871, aliandika juu ya magazeti ya zamani kwa wino wa mbegu za huko. Wino ule ulififia vibaya, na kurasa zile zikaja kusomeka vizuri mwaka 2011 tu, baada ya wataalamu kuzipiga picha kwa mianga ya aina mbalimbali.

"Ni la kujifurahisha, halina kazi."

Waulize ndugu zetu wa ughaibuni. Anayeomba uraia wa Uingereza hutakiwa kuorodhesha siku alizokuwa nje ya nchi kwa miaka mitano, na kwa kawaida zisizidi 450. Fomu ya uraia ya Marekani nayo inauliza safari za nje. Aliyekuwa akija Tanga kila likizo bila kuandika tarehe huishia kukodolea macho mihuri ya pasipoti iliyogongwa juu ya mihuri mingine.

"Ni langu, hakuna atakayelisoma."

Litasomwa na mwenye nyumba ya wageni akilikuta chini ya mto, au na ofisa wa mpakani akitaka kulifungua. Kwa hiyo nywila na namba ya siri ya benki hazina nafasi humo. Mtu aliyekukaribisha kwake akakusimulia ugomvi wa ndoa yake, muandike kwa herufi moja, au usimuandike kabisa. Ukurasa wa kwanza weka jina lako na namba ya simu ya ndugu aliyebaki nyumbani, isiwe yako, maana daftari likipotea huenda simu nayo imekwenda.

Na kila ukipata mtandao mzuri, piga picha kurasa zako, umtumie ndugu huyohuyo kama faili. Kijitabu cha Darwin cha Galápagos kiliibiwa katika nyumba yake ya Down, iliyokuwa imegeuzwa makumbusho, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Maneno yake bado tunayo, kwa sababu mwaka 1969 mtu alikipiga picha.